Wimbo Uliozaliwa Nikiwa Sipo

Mke wangu ana wimbo mmoja ambao nimeuonea wivu tangu kabla hajawa mke wangu. Mwanaume naye yumo katika habari hii, sikatai, na nitamfikia. Lakini yule mwanaume aliondoka akaenda zake. Wimbo ndio uliobaki. Umepigwa kwenye harusi nyingi za Korogwe na Handeni, wanangu wameuimba wakioga, na mwaka huu umerudi tena kwenye simu za vijana ambao mama zao ndio waliokuwa wakicheza wakati sisi tunautoa.

Habari za kurudi kwake nilizipatia dukani. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Handeni mjini. Asubuhi moja nilikuwa nampimia misumari dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akiezeka banda la mama yake. Pikipiki yake alikuwa ameiacha nje ikiimba kwa spika ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Nikasikia sauti ya mke wangu, sauti ya usichana wake, juu ya midundo mipya ya kompyuta.

"Mzee, unaujua huu?" akaniuliza, maana nilikuwa nimeacha kupima. "Wa zamani, ila kuna dada mmoja Dar ameutengeneza upya. Uko kila mahali."

"Naujua."

"Huyo mama aliyeuimba alikuwa anampenda mtu. Siyo mchezo!"

Nikamalizia kumpimia misumari yake, nikamfungia. Alipoondoka niliutafuta kwenye simu yangu, nikausikiliza mwanzo hadi mwisho nikiwa nimesimama nyuma ya mabati. Sauti yake wameiacha. Gitaa la yule bwana wameliacha lilivyo. Besi yangu wameitoa. Wamebaki wao wawili.

Bendi yetu ilianzia Manundu, Korogwe mjini, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya hoteli moja ya kulala wageni. Mimi nilikuwa nimetoka Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi, nimekuja Korogwe kujifunza ufundi umeme kwa mjomba wangu. Niliishika besi kwa sababu aliyekuwa akiipiga alihamia Dar, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatengenezea spika zao. Tulipiga muziki wa dansi wa kawaida, ule wa kila mahali. Mpaka alipokuja mpiga solo.

Alitoka Lutindi, juu milimani, na gitaa alijifunzia kwenye kwaya ya kanisa lao la misheni. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana: hakujisifu hata siku moja. Mtu anayejisifu ni rahisi kumchukia. Huyu alikuwa akipiga kitu cha kukusimamisha nywele, halafu anakugeukia anauliza, "Hivi ni sawa?" Yeye ndiye aliyetuletea roki. Gitaa la kukwaruza, dramu nzito, lakini maneno ya Kiswahili na sauti zinazopanda na kushuka kama kwaya ya mlimani. Mwanzoni watu wa Korogwe walisema tunawapigia kelele. Baadaye wakaanza kuja kutoka Mombo kutusikiliza.

Yeye, mke wangu, alikuja mwenyewe. Kwao ni Mkumbara, chini ya milima. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka anayeheshimika, mtu wa safu ya mbele msikitini. Binti alikuwa Manundu akijifunza ushonaji, anapita nje ya ukumbi wetu kila jioni akirudi kwa shangazi yake. Siku moja akaingia, kitambaa cha kazi bado kiko begani, akasikiliza mpaka tukamaliza.

"Mnaimba chini mno," alisema. "Ndiyo maana gitaa linawameza."

"Basi imba wewe," mpiga dramu akamtania.

Akaimba. Nakumbuka nililegeza uzi wa besi badala ya kuukaza, nikashtuka ulipotoa mlio kama mbuzi. Wote walicheka, na yeye akacheka. Kwa muda mrefu nilijipa moyo kwamba aliyemchekesha kwanza nilikuwa mimi.

Lakini wao wawili walikuwa na Kishambaa chao. Mimi ni Mzigua, nakielewa, lugha zetu ni ndugu. Ila utani wake hunipita. Walikuwa wakisemezana neno moja kati ya nyimbo, wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimechelewa, kama mtu anayedandia gari lililokwisha kuondoka. Hapo wivu ulianza. Ulianza mdogo, wa kuonea wivu maneno.

Tulipoamua kutoa albamu, Korogwe hapakuwa na studio ya kutufaa. Mpiga solo akasema kule Lutindi kuna ukumbi wa zamani wa misheni, kuta zake nene, sauti humo hujaa bila kurudi hovyo. Akatuombea ruhusa. Tukamwita fundi mitambo mmoja kutoka Tanga aliyekuwa na mashine ya kurekodia, tukapakia vyombo na jenereta kwenye gari la mizigo, tukapanda mlima. Shangazi wa binti naye alikuja, kwa sharti la baba: binti haendi kulala milimani na wanaume bila mtu mzima.

Zilikuwa siku nzuri, na zilikuwa siku za mateso kwangu. Baridi ilikuwa kali, nyuzi zikawa hazitulii. Mvua ikinyesha juu ya bati tulikuwa tunaacha kurekodi, tunakaa tunakula viazi vya kuchemsha mpaka ipite. Fundi alituweka wote ukumbini tupige kwa pamoja, kwa sababu mashine yake haikuwa na nafasi ya kurekodi chombo kimoja kimoja. Mtu mmoja akikosea, wote tunarudi mwanzo. Nadhani ndiyo sababu albamu ile ilitoka vile ilivyotoka. Leo watu hunieleza mambo makubwa kuhusu ule mlio, eti ulikuwa ubunifu. Ulikuwa woga. Tuliogopa kukosea.

Nyimbo saba zilikuwa tayari. Tulihitaji moja zaidi ili upande wa pili wa kanda usibaki na nafasi tupu. Siku hiyo mafuta ya jenereta yakaisha, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme, nikashuka chini kutafuta mengine. Mvua ilinikamata njiani, gari likakwama, nikarudi alasiri nikiwa tope mpaka magotini. Niliwakuta barazani. Shangazi anasinzia kwenye kiti, mpiga dramu anapiga mapaja yake kwa viganja, binti ameketi sakafuni amejifunika khanga, mpiga solo yuko juu ya ngazi na gitaa kavu, lisilotumia umeme.

"Njoo usikie," mke wangu akaniambia. Yaani huyo ambaye baadaye alikuwa mke wangu.

*Nishushe Mkumbara, dereva, nishushe,*
*nyumbani kwetu taa imewashwa.*
*Mlima umebaki na ninachokitaka,*
*mimi nashuka na ukungu kwenye nguo.*

Nilisimama na dumu langu la mafuta mkononi. Sikuhitaji kuelezwa. Wimbo ule ulikuwa umekwisha, kamili, na nafasi yangu ndani yake ilikuwa ni kutafuta noti za kuushikilia chini.

"Umeupenda?" mpiga solo aliuliza, kwa ule upole wake.

"Ni mzuri," nikasema. Na ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ungekuwa mbaya ningeusaidia.

Tuliurekodi kesho yake. Hatukuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, kwa hiyo ilimbidi mwimbaji amtazame mpiga solo ajue pa kuingia. Fundi alinipanga mimi nyuma, karibu na ukuta, kwa sababu besi ilikuwa ikitetemesha mashine. Nikaupiga wimbo wote nikiutazama mgongo wake. Na kila alipofika kwenye mstari wa mlima, yule bwana aliinua uso.

Kanda ilitoka, na hatukujua tumefanya nini mpaka ilipotutangulia kila tulikokwenda. Madereva wa malori waliichukua. Watu walirekodiana, kanda ikazaa kanda, mpaka sauti ikawa inakoroma. Nilikwenda kumzika babu Handeni, nikakuta mama mmoja anapepeta mahindi huku anaimba wimbo ule, hajui kwamba anayempita na jembe begani ni mmoja wa waliopiga. Alikuwa akiimba sehemu ya gitaa, kwa mdomo, bila maneno. Hakuna mtu duniani anayeimba besi.

Mwaka huohuo mpiga solo alipeleka posa Mkumbara. Alimtuma mshenga, mzee wa watu, akapokewa vizuri, akapewa chai. Baba mtu akamwambia maneno machache: kijana ni mzuri, ila si wa dini yetu, na binti yangu haendi kanisani. Mpiga solo naye mama yake alikuwa hataki kusikia habari ya kubadili dini. Yakaishia hapo. Hakugombana na mtu. Alikuja mazoezini mara moja, akaturudishia nyaya za bendi, akatuaga mmoja mmoja, akaenda Moshi kufundisha kwaya. Bendi ikafa kama moto ulionyimwa kuni.

Mimi nilikuwa Mwislamu. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa nipo. Nikangoja muda upite, halafu nami nikatuma mshenga, na baba yuleyule akamwambia, "Huyu sawa." Nilipoambiwa jibu hilo nilifurahi sana, na humohumo ndani ya furaha kukawa na mchanga. Huyu sawa. Nilitaka binti aseme, amesema baba.

Harusini kwetu wimbo ulipigwa. Haukuepukika, bibi harusi mwenyewe ndiye mwimbaji. Wageni wote walishangilia. Nilicheza nao nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tumeishi vizuri. Sitaki msomaji adhani nyumba yetu ilikuwa ya kununa. Tumezaa watoto watatu, tumejenga, tumeuguzana. Yeye anashona, na sare za nusu ya watoto wa shule wa mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Lakini kila baada ya muda, akiwa kwenye cherehani, akili imekwenda mbali, nilikuwa nasikia akivumisha kitu puani. Nikitega sikio, ni ile solo. Nilikuwa natafuta jambo la kumuuliza ili anyamaze: chumvi iko wapi, nani amehamisha ufunguo. Alikuwa ananijibu, na baada ya kunijibu hakuvumisha tena.

Sasa basi, ule wimbo uliporudi kwa midundo ya yule dada wa Dar, redio moja ya huku ikatutafuta. Wanataka bendi ya zamani ipige albamu nzima Korogwe, Jumapili alasiri, watu wasikie wenyewe. Mpiga dramu alikuwa amekubali kabla hajamaliza kuulizwa. Na yule wa Moshi amekubali pia, wakasema.

Mke wangu alisikiliza taarifa hiyo akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Besi yako iko wapi?"

"Stoo. Nyuzi zimeota kutu."

"Basi nunua nyuzi," alisema, akarudi kwenye sare zake.

Siku ya mazoezi tulifika Manundu mapema. Mpiga solo alikuja kwa basi la Moshi, mvi kichwa kizima, mabega yameinama kidogo, gitaa kwenye mfuko mpya. Alinikumbatia kwanza mimi. Akamgeukia mke wangu, akampa mkono.

"Shemeji," akasema. "Habari za siku nyingi?"

Neno lile lilikuwa la heshima na lilikuwa sahihi. Ningepaswa kulishukuru. Badala yake nilianza kulipima, kama alilisema kwa ajili yangu au kwa ajili yake. Kisha mke wangu akamuuliza habari za nyumbani, naye akasema mkewe alifariki mwaka juzi, na mke wangu akasema pole kwa Kishambaa. Wakaendelea hukohuko kwenye Kishambaa, taratibu, na mimi nikainama nikajifanya nachomeka waya ambao ulikuwa umekwisha kuchomekwa. Mgane. Hilo sikuwa nimelifikiria. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona Moshi na mke na nyumba, nikapata usingizi.

Mazoezi yalikwenda. Mikono ya mpiga solo ilikuwa imepungua kasi, ila alijua kuficha. Tulipomaliza nikamwambia mke wangu tutembee kidogo. Tukapita maduka, tukanunua machungwa, tukakaa kwenye benchi la mama anayeuza. Nikamenya langu mpaka ngozi nyeupe yote ikaisha, ndipo nikaweza kuuliza.

"Ule wimbo ulimwimbia yeye?"

Hakushtuka. "Ndiyo. Ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Sasa unauliza nini?"

Nilikuwa nimetegemea atakataa, ili nami nipate kutomwamini.

"Nilikuwa msichana," akasema. "Nilimpenda, baba akakataa, nikalia, nikanyamaza. Wewe ulipokuja ningeweza kukataa. Mama aliniuliza mbele ya shangazi, kama sitaki niseme. Nikasema nataka. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa baba amesema sawa."

"Mshenga wako alikuwa mvivu wa kusimulia." Akacheka, kisha akaacha. "Nikuambie linaloniudhi mimi. Tangu wimbo ule utoke, watu wananiuliza ulikuwa wa nani. Madereva, wateja, watu wa redio, wanangu, leo wewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niliutungaje. Maneno ni yangu. Na ile solo mnayomsifia, niliivumisha mimi kwanza pale barazani, yeye akaifuata kwa gitaa. Muulize."

Chungwa lilikuwa limekauka mkononi mwangu. Nilifikiria zile mara zote cherehani iliponyamaza. Alikuwa akivumisha kitu chake.

Sikumwambia. Nilimwambia tu, "Sikujua," naye akasema, "Sasa umejua," akaniomba kipande cha chungwa langu kwa sababu lake lilikuwa chachu.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Walikuwepo waliotusikia zamani, sasa wana wajukuu, na walikuwepo vijana wanaoujua wimbo mmoja tu. Tulipiga zote nane kwa mpangilio wa kanda. Safari hii mke wangu hakumtazama mpiga solo, wala hakunitazama mimi. Alifumba macho. Wote watatu tulimfuata kama tunavyoweza, na kwenye ule mlima niliona mpiga solo ameinua uso kama zamani, akakuta macho yaliyofumbwa, akaushusha. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa roho mbaya kabisa, halafu mstari uliofuata nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeinua uso.

Kesho yake mpiga solo alikuja kula kwetu Handeni kabla ya kurudi Moshi. Mke wangu alipika wali na kuku. Wao wakaingia kwenye Kishambaa, ukatokea utani, wakacheka. Nikaweka chini kijiko.

"Mmesema nini?" nikauliza.

Walinitazama wote wawili. Katika maisha yangu yote nao sikuwahi kuuliza. Mke wangu akaanza kueleza, ikawa ni habari ya mchungaji, mbuzi na tarumbeta ya kwaya, ikapoteza ladha njiani, na mpiga solo akaidakia mwisho wake kwa Kiswahili. Haikuchekesha sana. Nikacheka hata hivyo, na kwa wakati wake.

Nilimuuliza pia habari ya ile solo, nani aliianza. Alifuta mikono.

"Yeye," akasema. "Mimi nimekuwa nikisema hivyo kwa kila anayeniuliza. Huwa hawaandiki."

Nilimpeleka stendi mwenyewe. Basi lilipokuwa likijaza abiria alinishika bega, akasema, "Mtunze, ndugu yangu." Damu ikanipanda. Nimemtunza miaka yote hii bila kukumbushwa na mtu, na huyu anakuja na mvi zake kunikabidhi mke wangu. Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kondakta alikuwa akimwita, nikasema tu, "Ufike salama."

Wivu haujaniisha. Umehamia kwingine. Yule dada wa Dar amempigia simu mke wangu, anataka amsikie akiimba nyimbo mpya, na sasa jioni anafunga cherehani mapema, anakaa chumbani na kutafuta maneno. Akitafuta hataki mtu. Mimi nabaki sebuleni na taarifa ya habari, nasikia sauti yake ikipanda nyuma ya mlango, inakwama, inarudi chini, inajaribu njia nyingine. Jana alifungua mlango nusu.

"Una kazi?" akauliza.

"Sina."

"Basi kaa hapo hapo. Usiingie. Ila punguza hiyo televisheni."

Nikaizima kabisa.